Kuionyesha Kuzimu: Filamu Bubu ya Italia na Sinema ya Majini ya Pwani

Kamera haiwezi kupiga picha ya kitu ambacho hakipo mbele yake. Kwa sababu hiyo, kila anayetaka kuonyesha jini, mzimu au moto wa Jahanamu katika filamu hulazimika kwanza kukitengeneza kwa mikono kile ambacho watazamaji wamekisikia tu katika hadithi, tenzi na mawaidha, kisha awafanye wakubali kwamba ndicho. Kazi hiyo iliwakabili mafundi wa mji wa Milano zaidi ya miaka 100 iliyopita, walipoamua kulifanyia filamu shairi mashuhuri la Dante kuhusu safari ya kuzimu, na ndiyo iliyowakabili waongozaji wa filamu za majini za Kiswahili mwanzoni mwa karne hii. Filamu ya Milano, iitwayo L'Inferno, yaani Jahanamu, inastahili kutazamwa kwa makini na watu wa sanaa wa pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani, kwa kuwa inathibitisha kwamba ghaibu, yaani ulimwengu usioonekana kwa macho, huletwa kwenye skrini na ufundi wa mwili na subira ya mtengenezaji zaidi kuliko na wingi wa mitambo. Na ufundi huo pwani hii inao tayari.

Dante Alighieri, mshairi wa Florence aliyezaliwa mwaka 1265 na kufariki mwaka 1321, alitunga utungo mrefu wenye sehemu tatu, na katika sehemu ya kwanza anasimulia jinsi alivyopotea msituni, akazuiwa njia na wanyama watatu wakali, kisha akaongozwa na roho ya Virgil, mshairi wa kale wa Roma, kuteremka katika tabaka za Jahanamu moja baada ya nyingine hadi chini kabisa anakokaa Ibilisi. Masimulizi ya safari ya namna hiyo si mageni kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa fasihi ya pwani ina tenzi zinazosimulia Miiraji na nyingine zinazoeleza Kiyama, mateso ya waovu na starehe za peponi. Mwaka 1919 padri na mwanachuoni wa Kihispania, Miguel Asín Palacios, alitoa kitabu kilichodai kwamba Dante aliathiriwa na masimulizi ya Waislamu kuhusu Miiraji, na ingawa wataalamu wangali wanabishana juu ya njia ambayo masimulizi hayo yangeweza kumfikia, mfanano wenyewe ni mkubwa mno kupuuzwa. Inasikitisha, kwa hiyo, kwamba shairi hilo hilo limebeba pia uadui wa Ulaya ya zama zile dhidi ya Uislamu, na kwamba filamu ililifuata hata katika hilo bila kuchuja. Kipande cha filamu kinachobeba uadui huo hakistahili kutetewa kwa jina la sanaa, na anayeionyesha filamu hii mbele ya watu wa pwani ana wajibu wa kukiondoa.

Kampuni ya Milano Films iliishughulikia kazi hiyo kwa karibu miaka mitatu chini ya waongozaji watatu, Francesco Bertolini, Adolfo Padovan na Giuseppe de Liguoro. Muda huo ulikuwa mrefu kupita kiasi katika enzi ambayo filamu nyingi hazikuzidi dakika 15 na zilitengenezwa kwa siku chache tu. Kampuni ndogo ya Helios, yenye makao yake Velletri karibu na Roma, iliposikia habari za mradi huo iliwahi kutoa sokoni filamu fupi ya Jahanamu ya Dante mapema mwaka 1911, ikitaraji kuvuna kutokana na matangazo ya wenzao. Milano Films haikukatiza kazi yake. Tarehe 10 Machi 1911 filamu yao ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Teatro Mercadante mjini Naples, ikiwa na urefu wa zaidi ya saa moja, na kwa kawaida ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Italia. Mwandishi Matilde Serao, aliyekuwa na sauti kubwa katika magazeti ya Naples, aliisifu waziwazi, na sifa za mtu kama yeye zilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa wasomi wa wakati huo waliiona sinema kuwa burudani ya sokoni isiyostahili kutajwa pamoja na fasihi.

Ufundi wa filamu hii unaanzia katika uamuzi mmoja wa busara, ambao ni kuichukua sura ya kuzimu kutoka katika michoro ambayo watu walikuwa wamekwisha kuizoea. Gustave Doré, mchoraji wa Ufaransa, alikuwa ametoa mwaka 1861 michoro yake ya Jahanamu ya Dante, yenye majabali meusi, mabonde yasiyo na mwisho na miili iliyojikunja kwa maumivu, na waongozaji wa Milano waliipanga picha baada ya picha kwa kuifuata. Baadhi ya matukio yalipigwa katika ukumbi wenye mapazia yaliyochorwa, na mengine nje, penye miamba ya kweli, ambako waigizaji walio karibu uchi walijilaza juu ya mawe na kujikokota katika maji na matope. Mchanganyiko huo ndio unaoipa filamu nguvu hadi leo, kwa sababu jicho likishauamini mwamba huamini pia kiumbe kinachotokea nyuma yake.

Kuhusu viumbe wenyewe, mafundi walitegemea mbinu chache, na inafaa kuzieleza moja moja. Ya kwanza ni kusimamisha kamera. Mwigizaji anasimama mahali pake, kamera inasimamishwa, mwigizaji anaondoka na kitu kingine kinawekwa pale pale alipokuwa, kisha kamera inaendelea. Mtazamaji, ambaye hakuona nafasi iliyokatwa katikati, huona mtu akigeuka nyoka papo hapo, kama wanavyogeuka wezi katika mojawapo ya mashimo ya Jahanamu ya Dante. Ya pili ni kuupitisha utepe wa filamu ndani ya kamera mara mbili. Sehemu ya utepe iliyopokea giza tupu katika safari ya kwanza hubaki kama ukurasa usioandikwa, na katika safari ya pili hupokea picha nyingine, hata watu wawili ambao hawakuwahi kukutana wakaonekana pamoja, mmoja akiwa mkubwa kama mnara na mwingine mdogo kama kidole. Ya tatu ni kitambaa cheusi mbele ya pazia jeusi. Kiungo chochote kilichofunikwa kwa weusi huo hupotea machoni mwa kamera, na kichwa kikifunikwa, mwili hubaki ukitembea bila kichwa.

Tukio la Bertran de Born linaonyesha jinsi mbinu hizi zilivyotumiwa kwa adabu. Mtu huyo, ambaye kwa mujibu wa Dante alimchochea mtoto wa mfalme amwasi baba yake, anatokea mbele ya washairi wawili akiwa hana kichwa shingoni, na mkono wake umekiinua kichwa hicho kwa nywele, kikiwa hai na kikitazama. Ukweli wa tukio unatokana na utulivu wake. Mwigizaji hatapitapi wala harushi mikono, bali anakiinua kichwa kama mtu anayeinua taa ili aonyeshe njia, na Dante aliye mbele yake anarudi nyuma hatua moja tu. Fundi asiye na uzoefu angejaza hapo moshi na vishindo, lakini hawa walielewa kwamba mazingaombwe yakishakamilika hayahitaji kelele.

Wapenzi wawili, Paolo na Francesca, wanapita hewani katika msafara wa roho zinazopeperushwa na upepo usiokoma, na katika sehemu ya mwisho Ibilisi anaonekana akiwa mkubwa kuliko fremu inavyoweza kumbeba, akitafuna mtu ambaye miguu yake inarushwarushwa nje ya kinywa. Picha hiyo ya mwisho imesalia vichwani mwa watu kuliko nyingine zote, ingawa kwa ufundi haikuizidi ile ya mtu mwenye kichwa mkononi. Kila tukio hutanguliwa na kadi ya maneno inayomweleza mtazamaji atakachokiona, kawaida ambayo leo huonekana nzito, lakini iliyokuwa na faida yake: mtu aliyekwisha kujua kitakachotokea huelekeza macho yake yote kwenye namna kinavyotokea. Msimulizi wa hadithi wa pwani hufanya vivyo hivyo anapomtaja zimwi kabla hajamleta.

Athari za L'Inferno zilienea upesi. Huko Marekani ilionyeshwa kama tukio maalumu, kwa viingilio vya juu kuliko vya kawaida, na mafanikio yake yaliwapa wafanyabiashara ujasiri wa kuamini kwamba watu wako tayari kukaa zaidi ya saa moja kutazama hadithi moja. Miaka mitatu baadaye, Giovanni Pastrone alitoa Cabiria, filamu ndefu zaidi na ya gharama kubwa zaidi, ambayo kwa sehemu kubwa hadithi yake hutokea Afrika ya Kaskazini katika mji wa kale wa Carthage, na ambayo ilisifika kwa kuifanya kamera isogee taratibu juu ya magurudumu ndani ya mandhari. Humo alizaliwa Maciste, shujaa mwenye nguvu za ajabu, aliyeigizwa na Bartolomeo Pagano, hamali wa bandari ya Genoa ambaye hakuwa mwigizaji kabla ya hapo. Mwaka 1925 Guido Brignone alimteremsha Maciste huyo huyo kuzimu katika filamu Maciste all'inferno, na Federico Fellini, aliyekuja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa karne ya 20, alieleza kwamba kumbukumbu yake ya kwanza ya sinema ilikuwa filamu hiyo, aliyoitazama alipokuwa mtoto mdogo. Hivyo mstari unaoanzia katika michoro ya Doré unapita Milano na kuingia moja kwa moja katika sinema ya ndoto ya Italia ya baadaye.

Pwani ya Waswahili iliingia katika enzi ya filamu bubu mapema kuliko inavyodhaniwa na wengi. Jumba la Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic, lilifunguliwa Zanzibar mwaka 1921, wakati ambapo sinema zote za dunia zilikuwa bado bubu, na wakazi wa mji walizoea kutazama filamu za nchi mbalimbali zikiwa na kadi za maneno katika lugha ambazo wengi wao hawakuzisoma. Bara, hali ilikuwa tofauti. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio wa sinema ya elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, ulitengeneza filamu fupi 35 chini ya Meja L. A. Notcutt na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalirekodiwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha.

Maudhui ya filamu hizo yalikuwa kilimo, afya, kodi na kuweka akiba. Baada ya mwaka 1939, Uingereza ilipounda kitengo chake cha filamu za makoloni, mtaalamu wake mkuu, William Sellers, alisisitiza kwamba filamu za Waafrika zisiwe na mazingaombwe yoyote ya kamera, kwa hoja kwamba watazamaji hao wangechanganyikiwa. Picha ziwe ndefu, za polepole na za mambo ya kawaida tu. Hoja hiyo haikuwa na msingi hata siku ilipotolewa. Watu ambao watoto wao hukua wakisikia habari za majini wanaojigeuza paka, ambao wamekwisha kuona ngoma za pepo, na ambao walipofika Zanzibar walilipa kiingilio kutazama filamu za Kihindi zenye mazulia yarukayo, hawakuwa na shida yoyote ya kutofautisha hila ya fundi na jambo la kweli. Walichonyimwa ni nafasi ya kuitengeneza hila hiyo wao wenyewe, na kunyimwa huko kulidumu muda mrefu, kwa kuwa hata baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilielekeza sehemu kubwa ya nguvu zake katika habari na filamu za maendeleo.

Jambo moja la enzi ya filamu bubu lilirudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Katika nchi nyingi filamu bubu ilikuwa na mfafanuzi aliyesimama kando ya skrini, akasoma kadi, akaeleza tukio na hata kuigiza sauti za wahusika. Wajapani waliwaita watu hao benshi, na baadhi yao walikuwa na umaarufu uliowazidi waigizaji. Miongo kadhaa baadaye, mabanda ya video ya Dar es Salaam na miji ya pwani yalipata wafafanuzi wao, waliotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili papo hapo na baadaye katika kanda zilizouzwa, na mashuhuri kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye aliisimulia hata Titanic kwa namna iliyoifanya kuwa hadithi ya Kiswahili. Mtu mmoja alizibeba sauti zote, akaongeza methali, akamwonya mhusika, akawacheka wajinga, na wasikilizaji waliingia bandani kwa ajili yake kama walivyoingia kwa ajili ya picha. Kazi ya Lufufu inastahili kuwekwa katika historia ya sinema, mahali pale pale wanapowekwa benshi wa Japani.

Bagamoyo ina hazina ya upande wa pili, yaani ya mwili na jukwaa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, na leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Mafunzo yake ya ngoma, maigizo, sarakasi, muziki, sanaa za ufundi na utaalamu wa jukwaa yanagusa karibu kila kitu kilichohitajika katika L'Inferno: mwanasarakasi anayeweza kuning'inia hewani bila kuonyesha jitihada, mchezaji anayeweza kutulia kimya mwili mzima ukiwa umejaa maana, mchoraji wa mapazia, na fundi wa taa anayejua mahali ambapo giza lianzie. Mandhari nayo ipo, kuanzia magofu ya Kaole, yenye misikiti iliyoporomoka na makaburi ya nguzo, hadi mikoko inayofunikwa na maji jioni. Ikumbukwe tu kwamba Kaole ni mahali pa heshima, ambapo watu wangali wanakwenda kuomba dua penye kaburi la Sharifa, na mtengenezaji wa filamu anapaswa kuingia hapo kwa adabu ile ile wanayoingia nayo wao.

Filamu ya Kitanzania iliyokaribia zaidi ufundi unaojadiliwa hapa ni Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, ambayo ndiyo ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Amandina Lihamba anaigiza nafasi ya Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili na ambaye hasemi, naye daktari kutoka Marekani anagundua taratibu kwamba mgonjwa huyo anatembelewa na bibi wa kale aitwaye Maangamizi, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Kwa kuwa Samehe hasemi, Lihamba analazimika kuigiza kama walivyoigiza watu wa filamu bubu, kwa macho, mabega na pumzi, na mzimu unaaminika kwa sababu uso wake umeuamini kwanza. Mbinu za kamera ni chache katika filamu hiyo, na uchache huo umeifaa.

Njia nyingine ilichukuliwa na filamu za video zilizoibuka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, iliyochota kutoka katika masimulizi ya Wanyakyusa kuhusu wafu wanaorudi, kisha Shumileta, inayohusu jini wa kike anayempenda mwanamume wa kibinadamu. Waliozitengeneza walikuwa na kamera ndogo za video, na hila yao kuu ilikuwa ile ile ya Milano: simamisha kamera, mtoe mtu, endelea. Jini linatokea penye mbuyu bila kupiga hatua, linatoweka chumbani mlango ukiwa umefungwa, na watazamaji wanaguna. Katika filamu hizo za mwanzo hila hiyo ilifanywa kwa uangalifu, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Baadaye, programu za kompyuta zilipopatikana kwa bei nafuu, wengi waliiacha na kuweka miale na vimbunga vya rangi ambavyo havina uhusiano wowote na mwanga wa mahali pa tukio. Hapo ndipo sinema ya majini ilipopoteza sehemu ya heshima yake. Lawama haifai kuwaangukia waongozaji peke yao, kwani mtu aliyeuza haki zote za filamu yake kwa msambazaji mmoja, kwa malipo ya mara moja, hakuweza kukaa nayo miaka mitatu, na mara nyingi alipewa wiki mbili tu za kupiga picha.

Liko suala la uhifadhi, ambalo ni la haraka kuliko yote. L'Inferno ilidumu kwa bahati, katika nakala pungufu zilizotawanyika katika hifadhi mbalimbali, hadi taasisi ya Cineteca di Bologna ilipozilinganisha na kutoa toleo lililokarabatiwa mwaka 2007. Filamu za kwanza za video za Kiswahili zilitoka katika kanda za VHS, na kanda hizo ni dhaifu kuliko utepe wa mwaka 1911: tabaka la sumaku linalobeba picha hubanduka, joto na unyevu wa pwani huzalisha ukungu juu yake, na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena. Kuzinakili katika mfumo wa kidijitali hakuhitaji mtambo mkubwa. Kunahitaji mashine chache nzuri za VHS, kompyuta, mtu mwenye subira ya kusafisha kanda moja moja, na makubaliano ya maandishi na wenye haki. TaSUBa, yenye wanafunzi wa sanaa na iliyo mwendo wa saa chache tu kutoka Kariakoo, soko lililosambaza kanda hizo, iko mahali pazuri pa kuianza kazi hiyo. Wengi walioshika kamera na kuigiza katika filamu hizo wangali hai, na wanaweza bado kueleza, tukio kwa tukio, jini lilisimama wapi na kamera ilisimamishwa lini.